Kitunguu Thomu na Jirani Yetu wa Magogoni

Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kuwa pilau bila ya thomu ni wali wa nyama tu. Basi mama yangu, aliye mtu mzima na asiyeweza kukaa bure, aliposema amechoka kununua thomu Kongowea na atapanda yake nyuma ya nyumba yetu hapa Magogoni, hakuna aliyempinga. (Vitabuni huandikwa "kitunguu saumu", kana kwamba kitunguu nacho kimefunga. Sisi twasema thomu, neno lililotoka katika Kiarabu, wala halina uhusiano na saumu ya Ramadhani.)

Alipiga tuta, akatia samadi ya mbuzi, akabandua punje mojamoja bila ya kuzimenya, akazipanda ncha juu, kina cha vidole viwili. Majani yakatoka, yakapendeza. Hapo ndipo jirani yetu, bibi tuliyeishi naye kwa wema miaka mingi, aliposimama uani akasema, "Ama thomu yenu imenawiri!" Mashaallah hakuitia.

Baada ya miezi mitano mama aling'oa. Chini mlikuwa na mizizi na shina nene; kitunguu chenyewe hakuna. Akapanda tena, ikawa vilevile. Hakusema neno, lakini Ramadhani ilipoingia, sahani ya futari iliyokuwa ikivuka ua kila jioni haikuvuka. Yao ilikuja siku mbili, kisha nayo ikakatika.

Niliona haya, wala sikuthubutu kumkosoa mzazi. Siku moja sokoni nilimweleza mchuuzi mmoja, mwenyeji wa Lushoto. Alicheka, akaniambia kwao milimani watu hulala kwa mablanketi, na thomu hutaka hivyo. Nikatafuta, nikakuta ni kweli: punje ya thomu haigeuki kitunguu chenye punje nyingi mpaka ipate baridi ya wiki kadhaa, kiasi cha nyuzi 10 au chini yake. Ndiyo maana hulimwa Lushoto na Mbulu kule Tanzania, na Meru hapa Kenya. Mombasa, hata usiku wa Julai, joto huwa kiasi cha nyuzi 20. Tena visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, nayo thomu haiyapendi.

Nilimwambia mama, hakusadiki, hakukataa. Tulifunga mbegu kwenye karatasi, tukaziweka ndani ya friji wiki nane, si penye barafu, tukapanda mwezi wa Juni wakati wa kusi na kumwagilia maji ya mfereji. Vitunguu vilitoka! Vidogo, vingine vya punje moja tu, mviringo kama gololi. Majani ndiyo yaliyokuwa neema: tuliyakata yakaota tena, na kwenye kachumbari hayana mfano. (Mwenye kuyala mabichi asisahau makatazo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kwenda msikitini na harufu ile.) Kwa maoni yangu, mwenye uwanja mdogo Kisauni apande kwa ajili ya majani, kitunguu anunue.

Mama alikitazama kitunguu kimoja kiganjani kwa muda mrefu. Alasiri ile alipika samaki wa kupaka, akatia majani yale, akafunika sahani kwa kawa.

"Nishike mkono, mwanangu," akaniambia. "Twende kwa mwenzangu nikamtake radhi."