JE, WAJUA? Madumu 135 kwa Fulana Moja

Fulana moja ya pamba huweza kutumia lita 2,700 za maji, tangu shambani hadi dukani. Hayo ni madumu 135 ya lita 20. Ukinywa lita 3 kwa siku, maji hayo yatakutosha karibu miaka miwili na nusu.

Na bei chee ya nguo hulipwa na mtu. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana kwenye kuta za Rana Plaza, jengo la ghorofa 8 huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Benki iliyokuwamo ikafungwa. Maduka ya chini yakafungwa. Washonaji wa nguo waliofanya kazi humo wakaamriwa warudi kazini kesho yake. Asubuhi hiyo jengo likaporomoka wakiwa kwenye cherehani zao. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, wengi wao wanawake vijana. Nguo walizokuwa wakishona zilikuwa za maduka ya Ulaya na Marekani.

Poliesta nayo hutengenezwa kwa mafuta ghafi, yaani ni plastiki tunayoivaa. Kila ikifuliwa huachia nyuzi ndogo mno, na nyingine huishia baharini.

Badala ya nguo mpya, wengi hununua mitumba. Sokoni Gikomba, Nairobi, mtumba ukifunguliwa wauzaji hugombea “kamera”, nguo za daraja la kwanza. Mabaki huitwa “fagia”. Kabla ya kununua, geuza nguo ndani nje, kisha uvute mshono wa bega kwa vidole viwili. Ukiona mwanga kati ya nyuzi, irudishe.