Mtoto Naye Huulizwa Wazazi Wanapoachana



Talaka ikishatoka, kikao cha wazee hukaa. Wajomba wanakuja, ami wanakuja, shehe anaitwa, na wengine huvuka kwa mashua kutoka Mbwera hadi Nyamisati ili tu wawahi shauri. Mtoto anayegombewa yuko nje, ametumwa maji. Hali hiyo haiafikiani na dini yetu wala na sheria ya nchi.

Abu Hurayra (R.A.) amesimulia kuwa mwanamke mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kushitaki kwamba mume aliyemwacha anataka kumchukua mwanawe, naye mtoto huyo ndiye anayemtekea maji kisimani. Baba naye akadai haki yake. Mtume (S.A.W.) akamwonyesha mtoto baba yake na mama yake, akamwambia ashike mkono wa amtakaye. Akashika wa mama, wakaondoka. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, mtoto mdogo hulelewa na mama, na akifikia kupambanua mambo, yapata miaka saba, hupewa hiari, awe wa kiume au wa kike. Sharti wazazi wote wawili wawe wanafaa kulea. Akibadili mawazo baadaye husikilizwa tena.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inatanguliza maslahi ya mtoto. Kisha hakimu huangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii. Aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni bora akae na mama, ila baba anaweza kuthibitisha vinginevyo. (Tazameni saba hiyo inavyokutana na ya mafakihi!) Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo, kifungu cha 39, inataka maoni ya mtoto yawe ameyatoa kwa uhuru.

Kwenye uhuru huo ndipo penye kazi. Wapo wazazi wanaomkaririsha mtoto maneno, "ukiulizwa sema baba anakupiga," au wanaomnunulia baiskeli wiki ya kesi. Mahakimu wanayajua hayo. Hakimu anaweza kuzungumza na mtoto faragha, na anaweza kumtaka afisa ustawi wa jamii achunguze mtoto anaishije.

Hata hivyo mtoto si hakimu. Akitaka kwenda kwa baba kwa kuwa kule haendi shule bali anakwenda kuvua kaa, atasikilizwa, na huenda ikaamuliwa vingine. Kwa hiyo mzazi aliyeshindwa asimwambie mtoto "wewe ndiye uliyenikataa."

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinampa pia haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili apendapo, mradi masomo yasiharibike. Kwetu Delta hili si jepesi. Mama akirudi kwao Kibiti na baba akabaki Mbwera, safari ni ya mashua na kungojea maji yajae. Basi kikaoni semeni wazi: likizo ipi, nani atamvusha, nauli ya nani. Na mtoto aulizwe kabla hayajaandikwa.

Nawe mwanafunzi, ukiitwa sema lililo moyoni mwako. Hata "nawataka wote wawili" ni jibu, na hakuna wa kukulazimisha uongeze neno.