Cheche za televisheni kuukuu: mficha maradhi kilio humfichua

TELEVISHENI kuukuu haifi kimya, hulalama kwanza. Watu wamekwisha sali Isha, wameketi kutazama taarifa ya habari, mara hutoka mlio nyuma ya sanduku: ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti vikavu. Picha hurukaruka. Kisha huja harufu kali ya kukereketa pua. Taa ya chumbani ikizimwa, huenda ukaonekana mwanga wa zambarau ukichezacheza kwenye matundu ya nyuma.

Wengi wetu huinuka tukalipiga sanduku kofi. Likinyamaza, twasema Alhamdulillahi, limepona. La hasha, ndugu msomaji, halikupona. Mlio ule ni wa umeme uliotoka katika njia yake, na harufu ile ni ya ozoni, hewa inayozaliwa umeme unapoipasua hewa ya kawaida. Cheche si maradhi yenyewe bali ni dalili, na dalili hutibiwa kwa kutafutwa chanzo chake.

Habari yetu yahusu zaidi zile televisheni kubwa za sanduku, zenye kioo kipana na mgongo mnene, ambazo picha yake hutupwa kwenye kioo kutoka nyuma. Zilivuma sana Marekani katika miaka ya 1990, kabla televisheni nyembamba za ukutani hazijaenea. Mitsubishi, kampuni ya mwisho kuziuza huko, iliacha mwaka 2012, na hata hizo za mwisho hazikuwa tena na tyubu. Kwa hivyo seti yoyote ya tyubu iliyosalia leo ni mzee, na yafaa itazamwe kama atazamwavyo mzee.

TYUBU TATU

Ukilifungua sanduku hilo hukuti tyubu moja kubwa kama ya televisheni ya kawaida. Zimo tatu ndogo, za inchi 7 hivi: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Kila moja ina lenzi mbele yake. Nuru zao hupiga kwenye kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa nyuma, kisha hurudishwa mbele zikakutana na kuwa picha moja.

Tyubu ndogo kutakiwa ijaze kioo kikubwa kwa nuru ni kazi ya punda. Hupewa umeme wa volti 30,000 hivi, hali soketi ya ukutani hapa Kenya ina 240 tu. Umeme huo mkali hutengenezwa na transfoma ambayo mafundi huiita flaibeki, ukaingia katika kijisanduku cha kugawanyia, kisha ukapelekwa kwa kila tyubu kwa waya mnene. Na kwa kuwa tyubu hupata moto mno, baina ya uso wake na lenzi hutiwa maji ya kupozea, mchanganyiko wa glaikoli na gliserini.

UMEME HUTAFUTA NJIA

Hewa kavu na safi huzuia kiasi cha volti 3,000 kwa kila milimita moja. Kwa hesabu hiyo, volti 30,000 zaweza kuruka sentimita nzima. Lakini hewa yetu ya pwani, tangu Vanga hadi Lamu, si kavu, na ndani yake mna chumvi ya bahari. Vumbi likituama juu ya waya miaka na miaka, kisha likanywa unyevu ule wa chumvi, huwa daraja. Umeme hauna haja tena ya kuruka, hutambaa. Kila unapopita huunguza, na palipoungua hubaki mstari mwembamba wa makaa, nao hupitisha umeme vizuri zaidi. Ndiyo sababu cheche ya mara moja kwa wiki huishia kuwa ya kila siku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chanzo cha pili ni flaibeki yenyewe. Ganda lake likizeeka hupata ufa mwembamba kama unywele, na umeme huchupa hapo ukaenda kwenye chuma kilicho karibu. Cha tatu ni maji ya kupozea. Raba zinazoyazuia zikichoka, maji huvuja yakateremka juu ya nyaya na vibao vya umeme, yakala shaba na kuleta cheche. Maji hayo yana utamu, nayo ni sumu. Mtoto au paka asiyaguse.

Chanzo cha nne ndicho kibaya zaidi, nacho ni umeme kupita kiasi. Kapasita moja iliyo karibu na flaibeki ikifa, volti huweza kupanda mno, na hapo cheche hutoka hata penye waya safi. Mwenye kuziba cheche hiyo kwa raba ameziba mdomo wa mgonjwa. Tena volti zikizidi mpaka, tyubu huweza kutoa miali ya eksirei. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ililazimika kurekebisha seti zake za rangi zipatazo 90,000 kwa ajili ya miali hiyo, na mwaka uliofuata serikali ya huko ikatunga sheria ya kuidhibiti.

KAZI YA FUNDI

Kazi ya mwenye nyumba ni fupi: azime, achomoe plagi, asiiwashe tena mpaka ipimwe. Asifungue mgongo wa sanduku. Tyubu huhifadhi umeme kama kapasita, na huweza kuwa na nguvu ya kumwangusha mtu hata baada ya plagi kuchomolewa kwa saa nyingi.

Fundi ajuaye kazi huanza kwa kuutoa umeme huo. Huchukua bisibisi yenye mpini mzuri, akaifunga waya ulioshikamana na ardhi ya seti, mkono mmoja akauweka nyuma, kisha akaipenyeza ncha chini ya kofia ya raba ya tyubu. Hurudia tena baada ya dakika chache, kwa sababu umeme hujikusanya upya. Baada ya hapo hutazama palipoungua, hutafuta ufa, hupapasa kama kuna majimaji. Uchafu huusafisha kwa spiriti safi na kuacha pakauke kabisa. Flaibeki yenye ufa hubadilishwa. Kisha hupima volti kwa kifaa maalumu cha umeme mkali, ajue kama zimezidi.

Jihadhari na fundi wa kuzungusha tepu. Tepu ya kawaida ya umeme imetengenezwa kwa volti 600 hivi. Kuiwekea volti 30,000 ni kuzuia mafuriko kwa ukuti. Na silikoni inayonuka siki nayo haifai, kwani asidi yake hula waya. Chombo cha mtu mikononi mwa fundi ni amana. Muulize: cheche ilitoka wapi, na kwa nini? Asiye na jibu hajaitengeneza, ameinyamazisha.

Limebaki swali la gharama. Vipuri vipya ni adimu, na vingi hutolewa katika seti nyingine zilizokufa. Tena tangu Kenya ilipozima mitambo ya kale ya kurushia matangazo mwaka 2015, seti hizi hazipati stesheni pasipo king'amuzi. Ikiwa ni vumbi tu, isafishwe iendelee kutumika. Ikiwa flaibeki imepasuka na maji yanavuja kwenye tyubu zote tatu, iachwe ipumzike. Sanduku hilo lina mbao na plastiki, na mara nyingi huwekwa karibu na pazia, katika chumba wanamolala watoto. Hapo hesabu si ya shilingi tena.