Umri wa Msichana Aliyeletwa Kutoka Kijijini

Katika kota zetu, ziwe za jeshi au za polisi, si ajabu kumwona binti mdogo alfajiri akiwa na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, ilhali watoto wa nyumba hiyo wanafunga viatu waende shule. Ukimwuliza mama mwenye nyumba, atasema huyo ni mtoto wa ndugu yake, ameletwa kusaidia. Ukiuliza umri wake, utaambiwa, "Amekwisha kuwa mkubwa." Sheria ya Uganda hailijui neno hilo. Inahesabu miaka.

Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 34, inakataza mtoto kufanyishwa kazi ya hatari, au inayomzuia kusoma, au inayodhuru afya yake. Na hapo mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 16. Sheria ya Ajira ya 2006 ilikataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 12, na ikakataza mtoto kufanyishwa kazi baina ya saa 1 jioni na saa 1 asubuhi. Mwaka 2016 Sheria ya Watoto ilirekebishwa, umri wa chini wa kuajiriwa ukawa miaka 16.

Askari hahitaji kufundishwa habari hii. Sheria ya Jeshi ya 2005 haimwandikishi mtu asiyetimiza miaka 18. Ajabu ni kwamba bwana aliyeulizwa umri wake siku ya kuandikishwa hamwulizi yaya wake.

Ugumu huu ni wa zamani. Uingereza ilipotunga Sheria ya Viwanda ya 1833, ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, na ikateua wakaguzi 4 tu kwa nchi nzima. Lakini uandikishaji wa vizazi wa serikali ulianza huko mwaka 1837. Kabla ya hapo daktari alimtazama mtoto kimo na sura, kisha akakisia. Baadaye palitolewa shauri la kuhesabu meno. Wazazi maskini na wenye viwanda walijua kuutumia udhaifu huo.

Sisi hatuna haja ya kuhesabu meno. Sheria ya Uandikishaji wa Watu ya 2015 inataka kila kizazi kiandikishwe. Cheti kikikosekana, ipo kadi ya chanjo, au ya ubatizo. Bibi, itake karatasi hiyo kabla hujatuma nauli kijijini.

Wapo watakaouliza: je, binti asioshe vyombo? Aoshe, na watoto wako waoshe pia. Kusaidiana nyumbani hakujakatazwa na mtu. Tazameni tu saa 2 asubuhi: nani yuko darasani, nani amebaki jikoni? Aliye chini ya miaka 16 na tayari yumo nyumbani mwako, mwandikishe shule. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza tangu 1997.

Jirani anayeona binti ananyanyaswa aweza kumwarifu afisa wa kazi wa wilaya, au dawati la polisi la watoto na familia. Simu ya watoto, namba 116, haina malipo, na binti mwenyewe aweza kuipiga.