Kidonge cha Mifupa na Kidonge cha Kiungulia: Mara Nyingi ni Kitu Kimoja



Wiki hii tunaifungua kabati ya dawa ya nyumbani. Katika nyumba zetu nyingi mna makopo mawili yaliyokaa pamoja. Moja ni la vidonge vya kalsiamu, alivyonunuliwa mama mzazi kwa ajili ya mifupa. La pili ni la vidonge vya kutafuna, ambavyo kila mmoja hujichukulia kiungulia kinapompanda. Majina yake ni tofauti, na bei ni tofauti, kwa hivyo huchukuliwa kuwa ni dawa mbili zisizohusiana. Lakini ukiyasoma yale maandishi madogo ubavuni mwa kopo, mara nyingi utakuta kilichomo ni kimoja: kalsiamu kaboneti, ile ile iliyomo katika mawe ya chokaa, matumbawe na makombe ya baharini.

Jambo hili si dogo. Anayetumia vyote viwili bila ya kuvijumlisha anaweza kupita kiwango cha salama huku akiamini kuwa anaitunza siha yake. Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, na imetukataza kujidhuru. Basi na tuangalie namna ya kunufaika na madini haya bila ya kujiletea madhara.

Mwili unahitaji kiasi gani?

Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki husaidia mapigo ya moyo, kazi ya misuli na kuganda kwa damu. Kiasi hicho kikipungua katika damu, mwili hukopa kutoka mifupani. Mifupa hujengwa zaidi utotoni na ujanani, hadi kufikia kama umri wa miaka 30. Baada ya hapo hupungua polepole, na kwa mwanamke hupungua kwa kasi hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni iliyokuwa ikiilinda nayo imeshuka. Ndipo bibi anapoteleza msalani mara moja tu na nyonga ikavunjika.

Vipimo vinavyotumiwa na matabibu wengi ni hivi: kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji miligramu 1,300 kwa siku, mtu mzima wa miaka 19 hadi 50 anahitaji 1,000, na mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200. Huo ni ujumla wa siku nzima, chakula na vidonge pamoja. Kikomo kisichofaa kupitwa ni miligramu 2,500 kwa mtu wa miaka 19 hadi 50, na 2,000 kwa aliyezidi umri huo.

Chakula kabla ya kopo

Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama miligramu 300 za kalsiamu, na mtindi haupishani nayo sana. Dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao ni hazina, na sukuma wiki pia ina kalsiamu ambayo mwili huipokea vizuri. Mchicha una kalsiamu nyingi, lakini umebeba pia kiasi kikubwa cha oksaleti, inayoifunga kalsiamu hiyo isifyonzwe. Mchicha una faida nyingine nyingi, ila usitegemewe peke yake kwa mifupa.

Kalsiamu haifyonzwi sawasawa bila ya vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza inapopigwa na jua moja kwa moja. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo. Twaishi pwani penye jua la mwaka mzima, lakini dada zetu wengi hawalipati, kwa kuwa wanapotoka huwa wamejistiri, na wanaporudi huwa ndani. Sitara yetu haina dosari. Dawa yake ni kuitumia vyema faragha ya nyumbani: kukaa uani au juu ya dari, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi mara kadhaa kwa wiki. Asiyepata nafasi hiyo, hasa mjamzito na mtu mzima sana, amwulize tabibu kama anahitaji vitamini D ya kumeza.

Twahimiza chakula kwanza kwa sababu vidonge havina miujiza. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na matokeo yake kutangazwa mwaka 2006, wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kila siku miligramu 1,000 za kalsiamu pamoja na vitamini D, na la pili likapewa vidonge visivyo na dawa. Mifupa ya nyonga ya waliopewa kalsiamu iliimarika kidogo, lakini haikuthibitika kuwa mivunjiko ya nyonga ilipungua katika kundi zima, na vijiwe vya figo viliongezeka kwa kiasi cha asilimia 17. Kidonge ni cha kuziba pengo la chakula. Pasipo na pengo, kilichozidi hakiongezi nguvu ya mfupa.

Kuisoma lebo

Kalsiamu kaboneti si kalsiamu tupu. Asilimia 40 tu ya uzito wake ndiyo kalsiamu yenyewe. Kidonge kilichoandikwa kalsiamu kaboneti miligramu 500 kina kalsiamu ya miligramu 200, na cha miligramu 1,250 kina 500. Aina nyingine, kalsiamu sitreti, ina asilimia 21. Lebo nyingine huandika uzito wa kaboneti, nyingine huandika kalsiamu yenyewe, na nyingine huandika vyote. Ukitatizika, mfamasia wa duka la dawa atakuhesabia.

Kaboneti huhitaji asidi ya tumbo ili ifyonzwe, kwa hivyo imezwe pamoja na chakula. Sitreti huweza kumezwa wakati wowote, na huwafaa zaidi wanaotumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli. Kwa aina zote mbili, mwili hupokea vizuri kiasi kisichozidi miligramu 500 kwa mara moja. Aliyeandikiwa 1,000 azigawe asubuhi na jioni.

Aulizaye uhalali naye ana haki ya kuuliza. Vidonge vya ganda laini huweza kuwa na jelatini ya mnyama, na baadhi ya kalsiamu hutengenezwa kwa unga wa mifupa. Unga wa mifupa na ule wa makombe usiosafishwa vyema huweza pia kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Chagua kidonge kilichoandikwa wazi asili yake.

Hesabu inayosahauliwa

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58. Ameza vidonge viwili vya mifupa, kila kimoja kikiwa na kalsiamu ya miligramu 500. Hiyo ni 1,000. Kiungulia kinamsumbua, na kutwa nzima atafuna vidonge vinane vya kaboneti ya miligramu 500, kila kimoja kikiwa na kalsiamu ya 200. Hiyo ni 1,600. Anywa vikombe viwili vya maziwa, ambavyo ni 600. Jumla yake ni miligramu 3,200, na kikomo cha umri wake ni 2,000. Hapo hatujagusa chakula chake kingine.

Madhara ya jambo hili yajulikana tangu zamani. Mwaka 1915 tabibu Bertram Sippy wa Chicago alieneza tiba ya vidonda vya tumbo ya kunywa maziwa na malai kila saa pamoja na dawa za kuua asidi. Kufikia mwaka 1923 matabibu walikuwa wamekwisha kueleza kuwa baadhi ya waliotibiwa hivyo walidhurika. Kalsiamu ilizidi katika damu, damu ikapungua asidi kupita kiasi, na figo zikaharibika. Dawa bora za vidonda zilipopatikana, ugonjwa huo ukapungua. Kisha ukarudi pale watu walipoanza kutumia kwa wingi kalsiamu kaboneti kwa mifupa na kwa kiungulia.

Hapa pwani pana mlango mwingine. Chokaa kinachopakwa katika tambuu nacho ni cha kalsiamu, na hutuliza asidi. Matabibu wamewahi kueleza habari za watafunaji waliopata maradhi haya haya kwa sababu ya chokaa hicho. Na popoo yenyewe, hata bila ya chokaa, husababisha saratani ya kinywa. Anayetafuna tambuu na kumeza kalsiamu amwambie tabibu wake yote mawili bila ya haya.

Dalili za kalsiamu kuzidi ni kiu kisichokatika, kukojoa sana, choo kigumu, kichefuchefu na kutapika, uchovu, na fikra kuvurugika. Mzee akianza kubabaika, tusikimbilie kusema ni utu uzima. Tuangalie kwanza vidonge vyake.

Dawa zisizopatana nayo

Kalsiamu huzishika baadhi ya dawa tumboni zisifanye kazi. Miongoni mwake ni vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, dawa ya tezi ya levothairoksini, antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, na dawa ya virusi vya UKIMWI ya dolutegraviri. Ya tezi itenganishwe kwa saa nne. Nyingine mfamasia atakupangia nyakati zake. Wanaotumia dawa za presha za kukojoza za aina ya haidroklorothiazaidi waelewe kuwa dawa hizo huizuia kalsiamu isitoke kwa mkojo, na kwao kuzidi ni kwepesi. Mwenye maradhi ya figo au aliyewahi kupata vijiwe asianze kalsiamu pasi na ruhusa ya daktari.

Kwa waja wazito

Kiungulia na ujauzito ni marafiki wa kale, na kalsiamu kaboneti kwa kiasi hukubalika wakati huo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza wajawazito wa jamii zinazopata kalsiamu kidogo katika chakula wapewe miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, ili kupunguza hatari ya presha ya ujauzito inayoweza kufikia kifafa cha mimba. Tafiti mbili zilizotangazwa mwaka 2024, moja India na moja Tanzania, kila moja ikiwa na wajawazito 11,000, zilionesha kuwa miligramu 500 hazikuwa duni kwa 1,500 katika kuizuia presha hiyo. Kiasi kinachokufaa kitaamuliwa kliniki. Wewe waeleze kuhusu vidonge vya kiungulia unavyotafuna, na umeze vya kuongeza damu kwa wakati mwingine.

Ama udongo wanaokula baadhi ya wajawazito, huo si kalsiamu ya kutegemewa. Huweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo, na huzuia chuma kufyonzwa.

Kiungulia na mwezi wa Ramadhani

Kidonge cha kutafuna hutuliza kwa dakika chache tu baada ya kutumiwa, na nafuu yake haidumu. Hakiponyi chanzo. Na chanzo mara nyingi kimo katika sinia ya futari: sambusa, bajia, viazi karai na pilipili kwa mkupuo mmoja, kisha kulala. Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi, ndiyo tiba ya kwanza. Futuru kwa tende na maji, sali, kisha ule kwa utulivu. Usilale kabla ya kupita saa mbili au tatu baada ya chakula, na uinue upande wa kichwa wa kitanda.

Kumeza au kutafuna kidonge mchana hubatilisha funga. Aliyeandikiwa kalsiamu mara mbili kwa siku huweza kuimeza kwa chakula cha futari na cha daku. Ambaye maradhi yake hayamruhusu kufunga, sheria imempa ruhusa. Ashauriane na daktari wake na sheikh wake.

Vidonge vya kiungulia visitumiwe mfululizo zaidi ya wiki mbili bila ya kuonana na daktari. Vidonda vya tumbo, ambavyo mara nyingi huletwa na vijidudu au na dawa za maumivu ya magoti na mgongo, vina tiba yake maalumu. Nenda hospitali upesi ukiona chakula kinakwama kooni, unakonda bila ya sababu, unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, huenda ni ya moyo. Hayo hayasubiri kidonge cha kutafuna.

Basi leo, baada ya sala ya Isha, tuyatoe makopo yote kabatini na kuyapanga juu ya meza. Tuandike karatasi moja kwa kila mtu: anameza nini, kiasi gani na saa ngapi. Tuanze na wazazi wetu, kwa kuwa wao ndio wenye dawa nyingi zaidi na ndio wasioona vyema maandishi madogo. Karatasi hiyo waichukue kila wanapokwenda kliniki. Kumsomea mama lebo ya dawa yake nako ni katika kumtendea wema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya njema sisi na wazazi wetu, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin. Wabillahi tawfiq.