Mkusu

Mkusu (jina la kisayansi: Uapaca kirkiana) ni mti wa familia Phyllanthaceae unaozaa matunda matamu yaitwayo makusu. Ni mti wa asili wa misitu ya miombo katika Tanzania, ukiwemo mkoa wa Rukwa, na pia Zambia, Malawi, Msumbiji na nchi nyingine za jirani. Jina la spishi linamkumbuka John Kirk, mtaalamu wa mimea aliyekuwa konseli wa Uingereza huko Zanzibar.

Maelezo

Mkusu kwa kawaida hufikia urefu wa mita 5 hadi 12. Majani yake ni mapana na magumu, na kwa kawaida mti haubaki mtupu wakati wa kiangazi. Tunda ni la mviringo, lenye rangi ya manjano au kahawia likiiva, na nyama yake laini huzunguka mbegu 3 hadi 5. Maua ya kiume na ya kike huwa kwenye miti tofauti: mti dume hauzai, bali hutoa chavua kwa mti jike.

Upandaji

Watu wengi huokota makusu porini. Miombo inapofyekwa kwa ajili ya mashamba na mkaa, mikusu hupotea pia. Kwa hiyo kuipanda nyumbani ni njia mojawapo ya kuihifadhi. Mambo matatu huamua mafanikio.

Kwanza, mbegu hupoteza uhai upesi zikikauka. Hupandwa mara baada ya kutolewa kwenye tunda bivu.

Pili, mizizi hushirikiana na kuvu wa udongoni wanaoisaidia kupata madini. Kwa sababu hiyo viriba vya kitalu hutiwa udongo uliochotwa chini ya mkusu mkubwa.

Tatu, mti uliotokana na mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na jinsia yake haijulikani hadi utoe maua. Kubebesha hupunguza tatizo hilo: kikonyo hukatwa kutoka kwenye mti jike wenye matunda mazuri na kuunganishwa na mche wa mkusu. Utafiti wa taasisi ya ICRAF, yenye makao makuu Nairobi, ulionyesha nchini Malawi kwamba miti iliyobebeshwa huweza kuzaa baada ya miaka michache tu. Hata hivyo, mti dume lazima uwepo jirani.

Mkusu hupenda jua na udongo wa kichanga au changarawe usiotuamisha maji.

Matumizi

Makusu huliwa mabichi, na hutengenezwa juisi, jamu na divai.