Kava mpya, mgongo uleule: Pima sponji kabla ya kushona siti

Gari linalovuka mpaka kila wiki hukaguliwa mengi kabla ya safari. Tairi, springi, oili, breki na taa huangaliwa, kwa sababu kimoja kikiharibika mzigo unalala njiani. Siti ya dereva hukumbukwa mwisho, na ikikumbukwa, fedha zote huishia kwenye kava. Leza mpya inang'aa na mishono imenyooka, lakini baada ya saa sita za barabara ya vumbi mgongo unauma kama ulivyouma mwezi uliopita. Kilichochoka hakikuguswa.

Kwa mwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililoingia sokoni mwaka 1984 na kuendelea kutengenezwa hadi leo, au Land Rover Defender ya zamani, jambo hili si la urembo. Magari haya yana springi ngumu kwa kuwa yaliundwa kubeba mzigo. Yakirudi matupu kutoka sokoni, kila shimo hupanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Kinachomkinga dereva na fremu ya chuma ni sponji. Ikisha, anakalia waya. Dereva wa namna hiyo huchoka mapema, umakini humpungua, na akikuta foleni mpakani hulala kwenye siti ileile iliyomchosha.

Sponji inavyokufa

Sponji ya siti ni povu la plastiki lenye matundu madogo yaliyojaa hewa. Kila mtu anapokaa, kuta za matundu hayo hupinda, na akiinuka hurudi. Baada ya miaka mingi ya uzito, joto, jasho na unyevu, kuta hizo huvunjika. Ndipo sponji inapobaki imebonyea, inageuka rangi na kuanza kumomonyoka kuwa unga. Ule unga wa njano unaokutwa kwenye zulia chini ya siti ni sponji inayoondoka kidogo kidogo.

Maji huharakisha kifo hicho. Gari likivuka mto na maji yakaingia ndani, au mlango ukiwa unavuja kila mvua, sponji hunyonya na kukauka polepole sana. Juu inaonekana kavu, ndani bado mbichi. Harufu ya uvundo inatokana na hapo, na kutu ya fremu pia.

Kuna njia rahisi ya kujua hali ya siti bila kuifungua. Bonyeza katikati ya kikalio kwa ngumi kwa nguvu. Ukigusa waya au chuma, sponji imekwisha. Kisha linganisha siti ya dereva na ya abiria. Kama ya dereva imekaa chini zaidi, au upande wa mlango umelala kuliko upande wa gia, kava peke yake haitasaidia.

Nunua kwa mizani

Hapa ndipo wengi hupunjwa. Muuzaji huulizwa unene, naye hujibu kwa inchi. Unene hausemi sponji itadumu muda gani. Kinachosema ni uzito wake kwa ukubwa wake. Sponji nyepesi za magodoro mara nyingi huwa na uzito wa kati ya kilo 16 na 25 kwa mita moja ya ujazo. Siti ya gari inahitaji sponji ya kilo 40 hadi 60. Kwa macho zinaweza kufanana kabisa, na hata rangi haiwezi kuzitofautisha, kwa kuwa rangi ni ya kuwekwa tu kiwandani.

Mfanyabiashara ana silaha moja ambayo fundi hakuitarajia, nayo ni mizani. Kata au omba kipande kikavu chenye urefu wa sentimita 50, upana wa sentimita 50 na unene wa sentimita 10. Kipande hicho ni sehemu moja ya 40 ya mita ya ujazo. Kikiwa na kilo 1, sponji hiyo ni ya kilo 40. Kikiwa na kilo 1 na robo, ni ya kilo 50. Kikisoma nusu kilo, hiyo ni ya kilo 20. Ni ya kitandani, haifai kwenye gari la mizigo.

Mizani nayo inaweza kudanganywa. Baadhi ya sponji huongezwa unga wa madini ili zipate uzito, na sponji yenye unyevu huwa nzito pia. Kwa hiyo baada ya kupima, kunja kipande hicho na ukisugue juu ya kitambaa cheusi. Kikiacha unga mweupe, kiache. Kibonyeze kwa nguvu kwa dakika moja kisha ukiachie. Sponji nzuri hurudi papo hapo na haibaki na alama ya mkono.

Uzito na ugumu ni mambo mawili tofauti. Sponji inaweza kuwa nzito na bado ikawa laini. Mafundi wazuri hupanga tabaka mbili: chini wanaweka ngumu, mara nyingi ile ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa pamoja, na juu wanaweka laini kidogo yenye uzito wa kutosha. Ya chini hubeba mshtuko, ya juu hupokea mwili.

Kazi inavyopaswa kufanyika

Kwenye magari mengi ya Toyota, boliti za siti hufunguliwa kwa spana namba 14. Kabla ya hapo, toa waya wa betri. Kwenye Defender za zamani betri yenyewe iko chini ya siti ya mbele, hivyo chuma kikianguka juu yake kinaweza kuwasha cheche. Magari mapya yenye mfuko wa hewa ubavuni mwa siti yanahitaji uangalifu zaidi. Betri itolewe na gari lisubiri dakika kadhaa kabla ya waya wa siti kuguswa. Kava ya siti hiyo isishonwe kuziba mahali mfuko unapotokea, kwa sababu siku ya ajali hautafunguka inavyotakiwa.

Siti ikishatoka, kazi ya kwanza ni fremu. Kutu isuguliwe na kupakwa rangi, springi iliyokatika ibadilishwe, na mahali palipopasuka pachomelewe na fundi anayejua. Kati ya springi na sponji lazima pawe na kitambaa kigumu, hata gunia zito. Bila hicho waya hukata sponji mpya kutoka chini, na ndani ya miezi michache fedha imepotea.

Kava ya zamani isitupwe. Ikifumuliwa mshono kwa mshono, ndiyo ramani ya kava mpya. Sponji ya zamani nayo hutunzwa hadi kazi iishe, ili fundi aone umbo la mbavu na mahali paja linapoegemea. Kuongeza unene kupita ule wa kiwandani si faida. Dereva hupanda juu, miguu inakuwa mbali na pedali, kichwa kinakaribia paa na mkanda unakaa vibaya.

Kuhusu kava, leza husafishika kwa kitambaa kimoja na haipitishi maji ya juu juu, lakini kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam huunguza na kutoa jasho. Turubai la kushonea ni imara na halichaniki ovyo kwa funguo wala kwa kona za maboksi, ila likilowa huchukua muda kukauka. Vyovyote iwavyo, uzi uwe wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa jasho, na mshono huachia kabla ya kava kuchoka.

Gundi ya sponji hushika moto haraka, na sponji yenyewe ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Sigara na kazi ya kuchomelea vikae mbali. Siti iachwe ipate hewa kabla ya dereva kufunga vioo na kuanza safari ndefu.

Vifaa vikivuka mpaka

Wengi hununua sponji upande mmoja na kushonesha upande mwingine, kulingana na bei ya siku. Maneno hutofautiana: anayesema leza Tanzania anaweza kuambiwa reksini Kenya, na upande wa Goma na Bujumbura sponji huitwa pia kwa neno la Kifaransa, mousse. Kipande mkononi huondoa ubishi kuliko jina.

Siti iliyofungwa ndani ya gari ni sehemu ya gari. Jora la leza na bunda la sponji nyuma ya gari ni bidhaa, na zinahitaji kutajwa forodhani. Chini ya utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani inaweza kupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha inayokubalika. Kodi nyingine za ndani bado zinaweza kudaiwa.

Neno la kushika ni uasili. Leza iliyotengenezwa China na kushushwa bandarini haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imenunuliwa Nairobi, wala ya Tanzania kwa sababu risiti ni ya Kariakoo. Sponji iliyotoka kiwanda cha ndani ya Jumuiya ina nafasi nzuri zaidi, lakini karatasi za muuzaji ndizo zitakazosema. Risiti yenye jina la duka, na inapowezekana jina la kiwanda, ina thamani sawa na bidhaa yenyewe. Asiye na uhakika aulize dawati la forodha kabla ya kununua kwa wingi.

Kupatana na fundi

Bei ya jumla huficha mengi. Ni afadhali makubaliano yatenganishe vitu vinne: sponji, kava, fremu na ufundi, kila kimoja na bei yake na sarafu yake. Mteja abaki na kipande kidogo cha sponji aliyoipima, na siku ya kukagua afungue zipu au pindo la chini kulinganisha kabla fundi hajafunga kabisa. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya gari kuendeshwa kwenye barabara mbovu angalau nusu saa.

Kama fedha haitoshi kwa siti zote, ianze ya dereva, na ianze na sponji. Kava ya zamani iliyozibwa viraka juu ya sponji nzuri itamfikisha dereva Mutukula au Kasindi akiwa na mgongo mzima. Leza ya bei juu ya sponji iliyokufa itapendeza siku ya kwanza, na mwezi ujao siti itarudi kwa fundi.